Roboti Zilizofungiwa Kabatini

Katika shule moja ya sekondari chini ya Milima ya Uluguru kuna kabati la chuma lenye kufuli mbili, na ndani yake zimo roboti sita. Idadi tunaijua kwa sababu tulialikwa siku zilipopokelewa. Tuliziombea, tukapiga picha pamoja na wageni, na picha ile ikatundikwa katika ofisi ya mkuu wa shule. Miaka mitatu baadaye tulirudi hapo kwa kipindi cha dini, tukauliza habari zake. Mwalimu wa fizikia alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeona aibu kwa kosa ambalo si lake. Alitueleza kwamba programu ya kuziendesha hulipiwa kila mwaka, na mfadhili alilipa mwaka wa kwanza tu. Betri mbili zilivimba, na za kuzibadilisha hazipatikani Morogoro wala Kariakoo, maana umbo lake ni la kiwanda kile peke yake. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliomba kufungua moja aone kilichomo, akakatazwa, kwa kuwa ilikuja karatasi isemayo kwamba kikifunguliwa, dhamana inakufa.

"Kwa hiyo, Mchungaji, tumezitunza," alisema.

Neno hilo lilitufuata njiani hadi nyumbani. Yule mtumwa wa Mathayo 25 aliyeifukia talanta ya bwana wake naye aliitunza. Alirudisha kitu kizima, kisicho na mkwaruzo. Lakini huyu mwalimu wetu hatuwezi kumlaumu kama mtumwa yule alivyolaumiwa, kwa sababu yeye hakufukia kwa hofu yake mwenyewe. Alipewa kitu kilichokuja kimekwisha kufukiwa.

Basi katika makala hii tunataka kuhoji jambo ambalo sharika zetu hulipokea kwa makofi: teknolojia iletwayo kama zawadi. Hatuhoji moyo wa mtoaji. Tunahoji kitu chenyewe, jinsi kilivyotengenezwa, na kinamfanya nini anayekipokea.

Lugha yetu inatusaidia hapa kuliko lugha nyingine. Kwa Kiingereza neno moja hubeba maana mbili, ya kutolipia na ya kutofungwa, na watu wa huko wamebishana miaka mingi kuhusu neno hilo. Sisi tuna *bure* na tuna *huru*. Roboti zile zilikuwa za bure. Hazikuwa huru hata kidogo. Na kinyume chake kinawezekana: kifaa unaweza kukinunua kwa fedha yako sokoni na kikawa huru, kwa maana kwamba mchoro wake uko wazi, unaruhusiwa kukifungua, kukirekebisha, kutengeneza kingine kama hicho, na kumpa jirani mchoro ulioboresha. Wenye kujishughulisha na mambo haya huviita vifaa huru. Ni vizuri kukumbuka pia kwamba katika maneno yetu ya kila siku "bure" ina upande wa pili. Tunasema "kazi bure," tunasema "bure kabisa." Wahenga walioliacha neno moja libebe hayo yote huenda waliona mbali.

Habari hii ina historia fupi. Karibu na mwaka 1980 katika maabara moja ya chuo cha MIT, Marekani, mtaalamu wa kompyuta aitwaye Richard Stallman alisumbuliwa na printa iliyokuwa ikikwamisha karatasi. Alitaka kuirekebisha programu yake ili iwaarifu watu inapokwama. Alipomwendea mtu wa chuo kingine aliyekuwa na maandishi ya programu ile, akanyimwa, kwa sababu yule alikuwa ametia sahihi ahadi ya kutompa mtu. Kutokana na hayo, mwaka 1983 Stallman alitangaza mradi wa kuandika programu huru. Kwa upande wa vifaa vya kushika mkononi, mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia, walimu na wanafunzi walitengeneza kibao kidogo cha umeme kiitwacho Arduino ili wanafunzi wasio na fedha waweze kujifunza, na michoro yake wakaiachia dunia. Ndiyo sababu leo mwanafunzi anaweza kupata vibao vya jamii hiyo vilivyotengenezwa na viwanda vingi tofauti, kwa bei ambayo kibao cha kiwanda kimoja pekee kisingeifikia.

Lakini kabla ya Stallman kuna Samweli. Katika kitabu chake cha kwanza, mwisho wa sura ya 13, kuna habari ambayo hatukumbuki kuisikia ikihubiriwa, na sisi wenyewe tuliisoma chuoni tukaipita. Inasimulia kwamba katika nchi yote ya Israeli hakukuwa na mhunzi, kwa kuwa Wafilisti hawakutaka Waebrania wajitengenezee silaha. Kila Mwisraeli aliyetaka kunoa jembe au shoka lake ilimbidi ateremke kwa Wafilisti, na huko alilipa bei iliyopangwa. Siku ya vita ilipofika, ni Sauli na Yonathani tu waliokuwa na upanga.

Tazama kwamba Wafilisti hawakuwanyima Waisraeli majembe. Majembe walikuwa nayo, na yakipoteza makali yalinolewa. Walichonyimwa ni mhunzi. Mtu anaweza kuwa na jembe zuri na bado akawa chini ya mwenye jiwe la kunolea. Huo ndio utumwa wa kabati letu.

Sisi wa Morogoro tusingehitaji kwenda mbali hadi kwa Wafilisti kujifunza hili. Wazee wa mjini wanakikumbuka kiwanda cha viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikitarajiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka na kuuza Ulaya. Jengo lilikuwa na kuta za alumini na halikupitisha hewa, katika mji wetu wenye joto hili. Mashine ziliharibika na vipuri vikakosekana. Kiwanda hakikuwahi kuzidi asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Hapa mafundi viatu hawakukosekana. Hata leo ukipita kando ya Soko Kuu la Chifu Kingalu utawaona wamekaa na sindano zao. Hakuna aliyewauliza.

Na ukipanda juu zaidi, Matombo, kuna habari ya zamani kidogo. Miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru kuchimba matuta ya ngazi pana kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Kusudi lake, ukilisikiliza, lilikuwa jema; mito yetu ilikuwa inajaa udongo, na leo bado inajaa. Lakini matuta yale yalikuwa ya amri. Udongo wa mlimani mahali pengi ni mwembamba, na kuchimba kwa kina kulileta juu udongo usio na rutuba. Mwenye shamba aliyejua hilo tangu kwa bibi yake hakuwa na mahali pa kulisema. Mwaka 1955 watu wakakusanyika Matombo kupinga, kukawa na ghasia, mtu mmoja akapigwa risasi akafa, na mpango ukaachwa. Wakati huohuo upande wa Mgeta ngazi za wakulima wenyewe zimeendelea kubeba kabichi na karoti mpaka leo. Mzee mmoja wa usharika wetu, ambaye baba yake alichimba matuta yale, hutuambia kwamba tatizo halikuwa jembe wala tuta. "Hawakutaka tuliguse wazo lao," husema, na kwetu hakuna aliyewahi kutoa tafsiri bora ya kifaa kilichofungwa.

Sasa tuseme habari njema, maana ipo, na inatoka mkoani kwetu kwa sehemu.

Washarika wengi mnaifahamu hadubini, ile ambayo zahanatini huitwa darubini, ya kutazamia damu. Kipimo cha haraka cha malaria kinatuambia ndiyo au hapana. Hadubini inaonyesha vimelea ni vya aina gani na ni vingi kiasi gani, na mgonjwa mahututi anahitaji kujua hilo. Tatizo lake ni kwamba ni ghali, na milimani kwetu ukungu wa unyevu huota kwenye lenzi. Tunaijua zahanati moja ambako hadubini imekaa mwezi baada ya mwezi chini ya kitambaa kilichofumwa vizuri, na wagonjwa wakitumwa mjini kwa bodaboda, nauli ya kwenda tu ikizidi bei ya dawa. Mama mmoja alitushukuru kwa maombi, kisha akauliza kwa upole, "Baba Mchungaji, na ile mashine mnaiombea?" Tulicheka wote wawili. Baadaye hatukucheka.

Watafiti wa Uingereza, wakiongozwa na Richard Bowman alipokuwa Cambridge na kisha Bath, walichora hadubini iitwayo OpenFlexure. Mwili wake huchapwa kwa plastiki kwa printa ya 3D. Haina reli za chuma za kuteleza zinazotaka mafuta na kushika kutu. Meza inayobeba kioo cha damu inasogea kwa miguu ya plastiki inayopinda kidogo sana, sehemu ndogo kuliko elfu moja ya milimita, ikisukumwa na skrubu zenye meno. Kamera yake ni ndogo, mfano wa ile ya simu. Ukiweka mota tatu na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, inajisogeza yenyewe, inajirekebisha mwanga na macho, na kupiga picha za kioo kizima. Ni roboti, basi, ingawa haina mikono wala haichezi dansi mbele ya mgeni rasmi.

Jambo linalotuhusu ni kwamba michoro yote iliwekwa hadharani, na Watanzania hawakungoja kuletewa. Karakana ya STICLab ya Dar es Salaam na baadaye Bongo Tech walizichapa na kuziunganisha hapahapa, wakishirikiana na Taasisi ya Afya Ifakara, ile iliyoanza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya Waswisi katika bonde la Kilombero. Makala ya kitaalamu iliyotolewa mwaka 2020 kuhusu hadubini hiyo ina majina ya Watanzania miongoni mwa waandishi wake. Kufikia wakati huo hadubini zaidi ya 100 zilikuwa zimechapwa Tanzania na Kenya. Kipande kikivunjika, hakiagizwi, kinachapwa. Fundi wa Dar es Salaam akiona kona fulani inavunjika kwa sababu ya joto letu, anaweza kuichora upya na mchoro wake ukarudi Uingereza ukawafaa na wao. Hapo Mfilisti na Mwebrania wananoa katika jiwe moja.

Tusiisifu kupita kiasi. Chipu iliyo ndani ya Raspberry Pi imefungwa kama vile vya kabatini; uhuru wa hadubini unaishia mlangoni pake. Nyuzi za plastiki za kuchapia hutoka nje. Umeme ukikatika katikati ya saa nyingi za kuchapa, kipande kinatupwa. Kuwa na mchoro wazi hakumwondolei mtu wajibu wa kupimwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kabla ya kumgusa mgonjwa, na tunaogopa shauku ya vijana wanaodhani kwamba kilichotengenezwa kwa upendo hakiwezi kudanganya majibu ya maabara. Na maelezo yake ni ya Kiingereza. Kwa mtu asiyejua Kiingereza, mchoro huru ni kabati lingine, tofauti tu kwamba limetengenezwa kwa kioo.

Sisi Walutheri tunapaswa kuwa wa kwanza kulitambua kabati hilo. Luther alipotafsiri Agano Jipya, likatoka Septemba 1522, alikuwa akifungua kitu kilichokuwa cha watu wote na kisichosomeka kwa watu wote. Hakupokea malipo ya wachapaji kwa vitabu vyake. Wachapaji wa miji mingine walimnakili bila kumwuliza, na ndivyo maneno yake yalivyoenea haraka. Hata hivyo mwaka 1525 aliwaandikia wachapaji kwa hasira, akilalamikia wizi wa maandishi yake na makosa yaliyojaa katika nakala zao, kiasi kwamba mwenyewe hakuyatambua. Hapo ndipo penye uzito. Kuachia kitu wazi ni kukubali kwamba wengine watakiharibu. Alikasirika, lakini hakuacha kuandika. Wapo ndugu wanaotuambia kwamba vifaa vikifunguliwa mafundi wetu wataviharibu, na wanasema kweli. Vitaharibika vingi. Roboti sita za kabatini hazijaharibika hata moja, ukiacha betri.

Kuna pia upande wa mashindano, ambao ndio vijana wanaoupenda zaidi. Mwaka 2017 kule Washington yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya roboti ya FIRST Global, yaliyoanzishwa na mvumbuzi Dean Kamen, na timu za wanafunzi zilitoka nchi zaidi ya 150. Kila timu ilipewa sanduku la vifaa vilevile, na hilo ni haki ambayo dunia haiwapi watoto mara nyingi. Mada ilikuwa maji safi. Roboti ziliokota mipira ya bluu na ya rangi ya chungwa, moja ikiwa maji na nyingine uchafu, na kuitenganisha. Ni mchezo mzuri. Lakini uchafu wa Mto Ngerengere hauji kwa rangi ya chungwa. Unakuja na mvua ya masika kutoka kwenye mteremko uliofyekwa, kahawia ndani ya maji yaleyale, hadi Bwawa la Mindu ambako mji unachota. Mtoto aliyejifunza kutenganisha mipira amejifunza hesabu, ushirikiano na kushindwa bila kulia. Bado hajaulizwa habari za mto wake. Tungependa kuona kijana apewaye medali kwa kipima-kina cha maji alichokiunganisha kwa kibao cha bei nafuu na kukiacha darajani kwa misimu miwili bila kufa. Hakuna kamera ya televisheni itakayongoja misimu miwili, tunajua.

Serikali imefungua mlango. Tangu Januari 2024 mtaala mpya una mkondo wa amali sekondari, na mjini kwetu tuna chuo cha kufundisha walimu wa ufundi na tuna VETA Kihonda. Swali ni nini kitaingizwa katika mlango huo, majembe au wahunzi. Katika Kutoka 35, Bezaleli na Oholiabu hawakujazwa ustadi wa dhahabu, mbao na nyuzi peke yake. Musa anasema Mungu alitia moyoni mwao pia uwezo wa kufundisha. Roho yuleyule aliyewapa ustadi hakuwaruhusu kukaa nao kimya. Tunadhani mara nyingi tumehubiri nusu ya kwanza ya aya ile.

Na kanisa? Tuseme ukweli. Mwaka jana usharika wetu ulinunua spika mbili na mashine ya kuchanganya sauti, na hakuna mtu aliyeuliza kama inafunguka. Tunapoandikia marafiki zetu wa ng'ambo tunaomba kompyuta, hatuombi michoro. Mgeni akiuliza tunahitaji nini, tunamwonyesha pengo lenye umbo la kitu, kwa sababu kitu kinaweza kupigwa picha. Kuhusu siku ile ya roboti, hakuna aliyetulazimisha kusimama mbele. Tulisimama wenyewe, tena tulivaa kola.

Amplifaya ya zamani, ile tuliyoibadilisha, ilitupwa stoo. Kijana mmoja wa darasa la kipaimara aliiomba. Alipofungua kifuniko alikuta ndani pamebandikwa karatasi ya njano yenye mchoro wa nyaya zote, kama redio za zamani zilivyokuwa. Alituletea akatuonyesha kwa kidole njia ya umeme, mahali inapoingia na mahali ilipokatikia. "Hapa Mchungaji, hii imeungua. Fundi wa sokoni anayo." Ilimgharimu shilingi elfu mbili na Jumamosi moja. Sasa inatumika mtaani kwao, katika kanisa dogo ambalo halikuwa na kipaza sauti.

Tangu Kwaresima kijana huyo na wenzake wanne hukutana nasi Jumamosi jioni sakristiani kutafsiri kurasa za hadubini ile. Sisi tunaleta Kiingereza, wao wanaleta mikono. Hatujafika mbali, kurasa nne. Wiki mbili tulikwama kwenye neno linalotaja ile miguu ya plastiki inayopinda na kurudi. Tulijaribu "kupinda," wakakataa, kwa sababu kilichopinda hakirudi. Tulijaribu "kunyumbuka," wakasema hilo ni la mwalimu wa Kiswahili. Hatimaye binti mmoja alimwuliza babu yake atengenezaye vitanda vya kamba. Mzee hakuuliza ni mashine gani. Alichukua ufito, akaukandamiza kwa kidole gumba, akauachia.

"Unanesa," alisema.

Tumeandika hivyo.